Karatasi Kwanza, Fomu Baadaye: Njia ya Kuomba Pesa za Chuo Nairobi

Wakati wa maombi, ingia saiba yoyote, yaani duka la intaneti, ya Kayole au Githurai jioni na utasikia simu za aina moja. "Mama, nambari ya kitambulisho cha baba naipata wapi? Na wewe unapata ngapi kwa mwezi? Niandike elfu sitini?" Mama yuko kibandani, wateja wanangoja sukuma wiki, anasema andika tu. Kijana anaandika. Saa moja baadaye fomu ya kuomba ufadhili na mkopo wa chuo imetumwa, na lile jibu la haraka ndilo litakaloamua familia italipa kiasi gani kwa miaka minne ijayo.

Tumeketi na vijana na wazazi wao mbele ya fomu hii kwa misimu kadhaa. Kuchelewa kunaumiza, lakini wengi tuliowaona wakiumia walituma mapema kabisa. Walijaza kabla ya kuwa na karatasi mkononi, wakabahatisha, na mtambo unaopima uwezo wa familia ukawaamini. Maelezo haya yanafuata safari yenyewe, kuanzia Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotoka hadi mwaka wa pili chuoni, na tutakaa zaidi pale ambapo pesa hupotea.

Pesa zinagawanywaje

Zamani mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, akachukua mkopo wa HELB, maisha yakaenda. Mpango huo ulibadilishwa Mei 2023. Walioingia tangu hapo huanzia kwenye gharama kamili ya kozi, nayo hugawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na fungu la familia. Juu ya hayo kuna pesa za kujikimu. Wazazi wengi hudhani hizo za kujikimu ni zawadi. Ni mkopo, zinaingia kwenye deni la mtoto pamoja na zile za karo.

Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, kuna bendi tano. Ya kwanza ni ya familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5, na pesa za kujikimu 60,000 kwa mwaka. Ya pili inafika 23,670, na mgawo wake ni 60, 30 na 10, kujikimu 55,000. Ya tatu inafika 70,000, mgawo ni 50, 30 na 20, kujikimu 50,000. Ya nne inafika 120,000, mgawo ni 40, 30 na 30, kujikimu 45,000. Anayezidi hapo yuko bendi ya tano: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40, kujikimu 40,000.

Asilimia hazishtui mtu mpaka ziwe shilingi. Chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka. Familia ya bendi ya kwanza inatoa 12,000. Ya pili inatoa 24,000. Ya tatu, 48,000. Ya tano, 96,000. Kupanda bendi moja tu, kutoka ya pili hadi ya tatu, ni shilingi 24,000 zaidi kila mwaka, na kwa kozi ya miaka minne ni 96,000. Kwa mama anayeuza mboga hizo ni pesa za kodi ya nyumba kwa muda mrefu sana.

Ada za kozi katika vyuo vikuu vya umma zilishushwa kuanzia Septemba 2025, kwa hiyo usipige hesabu kwa karatasi ya ada ya kaka yako aliyeingia 2023. Tafuta ya kozi yako, ya chuo chako, ya mwaka wako.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kesi. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huu unakiuka katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kila mara habari za kesi zinapovuma, ujumbe husambaa kwenye simu kwamba hakuna haja ya kuomba tena. Waliousikiliza walibaki bila ufadhili wala mkopo huku wenzao wakiingia darasani. Maombi yakifunguliwa, omba.

Kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa

Mlango wa ufadhili ni KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni. Ada ya kutuma maombi yake ni shilingi 1,500, na kwa shahada unahitaji gredi ya C+ kwenda juu. Ukijiandikisha mwenyewe chuoni bila kupitia hapo, au ukienda chuo kikuu cha binafsi, ufadhili wa serikali haupo. Unabaki na mkopo. Hili lifikiriwe wakati wa kuchagua kozi, maana ikishafika Agosti halirekebishiki. Vyuo vya ufundi navyo hupitia mfumo huo, ila viwango vyake ni tofauti na hivi vya vyuo vikuu.

Kati ya Januari na Juni kuna miezi mingi ya kukaa nyumbani. Hiyo ndiyo miezi ya karatasi.

Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE na kitambulisho vinapaswa kusema jina lilelile, herufi kwa herufi. Ukiwa bado hujachukua kitambulisho una bahati: hakikisha kinaandikwa kama vyeti vya shule vilivyoandikwa, maana kubadilisha jina kwenye cheti cha mtihani ni kazi kubwa kuliko kulipanga sawa kwenye kitambulisho. Kama tayari yametofautiana, nenda kwa kamishna wa viapo uandikiwe hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo Februari, si usiku wa mwisho.

Aliyemaliza shule akiwa na miaka 17 ataomba kwa cheti cha kuzaliwa. Lakini siku anayofikisha 18 aende kuomba kitambulisho, kwa sababu vitu vingi vinavyofuata vinakitaka. Laini ya simu ni kimojawapo. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, si la mjomba, si la rafiki aliyekununulia Gikomba. Mfumo hulinganisha jina la laini na jina la mwombaji, na pesa za kujikimu nazo zinahitaji kumpata mtu sahihi. Aliyesajiliwa laini na mzazi akiwa mtoto ahamishe usajili mara tu kitambulisho kinapotoka.

Fungua barua pepe yako mwenyewe. Tumeona vijana ambao barua pepe na neno la siri vilitengenezwa na kijana wa saiba. Akahama, na mwombaji hakuweza tena kuingia kwenye akaunti yake. Neno la siri liandike kwenye daftari la nyumbani, pamoja na nambari zako za mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, na wa KCSE na miaka uliyofanya. Ile ya KCPE husahaulika, na fomu inaiuliza.

Kwa upande wa wazazi unahitaji nambari za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa, nambari za simu na kazi. Mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, na familia nyingi hukaa nacho kwa miaka zikidhani ndicho cheti chenyewe. Maombi ya cheti hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na huweza kuchukua wiki, hasa kama kifo kilitokea kaunti nyingine na kumbukumbu ziko huko.

Baba aliyeondoka na hajulikani aliko ni jambo linalowafanya vijana wengi wakwame wakilitazama hilo sanduku la fomu kwa aibu. Usiandike kwamba amekufa. Utadaiwa cheti ambacho hakipo, na umeshatia sahihi tamko la kusema kweli. Jaza kwamba unalelewa na mzazi mmoja, kisha mama aape kiapo kinachoeleza tangu mwaka gani analea peke yake, na barua ya chifu iseme hivyohivyo. Aliyelelewa na shosho, yaani nyanya yake, ajaze sehemu ya mlezi kwa kitambulisho cha shosho, aambatishe vyeti vya kifo vya wazazi kama ni yatima.

Mwenye ulemavu anahitaji nambari ya usajili ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo hupitia uchunguzi wa daktari hospitalini, kwa hiyo usiuache hadi Julai.

Barua ya chifu ina uzito kuliko watu wanavyofikiri, lakini nyingi zinaandikwa vibaya. "Familia hii ni maskini na inahitaji msaada" ni sentensi isiyothibitisha chochote. Nenda asubuhi na kitambulisho cha mzazi, cheti chako cha kuzaliwa na barua ya mzee wa mtaa, umwombe chifu kwa heshima aandike mambo yanayohesabika: watu wangapi wanaishi nyumbani, mzazi anafanya kazi gani na wapi, wamekaa mtaani tangu lini, watoto wangapi wako shuleni. Barua hiyo hailipiwi.

Ni nani alilipa karo ya sekondari?

Hapa tuombe subira ya msomaji, kwa sababu hapa ndipo tumeona watoto wa vibarua wakitupwa bendi ya nne na ya tano.

Mtambo wa kupima uwezo wa familia hautazami mapato peke yake. Unatazama pia kazi za wazazi, ukubwa wa familia, gharama za masomo ya ndugu zako, mahali mnakotoka, na kile familia ilichotumia kukusomesha. Sasa fikiria msichana wa Mukuru aliyefaulu sana, akaitwa shule ya kitaifa, na kanisa au wakfu ukamlipia miaka yote minne. Kwenye kompyuta, bila maelezo, anaonekana kama mtoto aliyelipiwa karo kubwa na mzazi wake. Mtambo hauwezi kujua mama yake anafua nguo South B.

Dawa yake ni barua ya mfadhili. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, imetiwa sahihi na mhuri, itaje jina lako kamili na nambari yako ya usajili shuleni, mwaka wa kwanza na wa mwisho wa kufadhiliwa, na kiasi kilicholipwa kila mwaka au sehemu ya karo waliyobeba. Ongezea taarifa ya karo kutoka ofisi ya mhasibu wa shule inayoonyesha nani alilipa. Kama ulisoma kwa basari za vipande vipande, taarifa hiyohiyo ya shule huonyesha hundi zilizoingia. Kama uliondoka na deni, chukua barua ya salio la karo. Hiyo nayo ni ushahidi wa hali ya nyumbani. Karatasi hizi ziombwe siku unapoenda kuchukua cheti cha KCSE, maana ukiwa tayari shuleni humlipi mwenye matatu mara mbili.

Mwanafunzi aliyelipiwa na mjomba hana nembo wala mhuri. Mjomba aape kiapo, aambatishe nakala ya kitambulisho na risiti za benki zenye jina lake.

Ndugu zako wote walioko masomoni waandikwe, kila mmoja na shule yake na karo yake ya mwaka. Vijana huandika dada aliye chuo kikuu wakawaacha wawili walio sekondari, wakiamini fomu inawataka wa chuo peke yao.

Mapato: faida, si mauzo

Swali la mapato ya mwezi ni rahisi kwa mwenye hati ya mshahara. Jibu liko kwenye hati. Aandike kama fomu inavyouliza, na asifiche posho. Tabu iko kwa sisi wengine, na Nairobi sisi wengine ndio wengi.

Mama wa sukuma wiki wa Githurai akiulizwa anapata ngapi kwa siku, atasema elfu mbili na nusu, kwa sababu ndizo noti anazozihesabu jioni. Kijana anazidisha kwa siku 26 anapata 65,000. Familia imeingia mapato ya bendi ya tatu. Lakini asubuhi ya siku hiyo mama alinunua mboga Marikiti kwa shilingi 1,900, akalipa mkokoteni na matatu 150. Kilichobaki mfukoni ni 450. Mara 26, ni shilingi 11,700 kwa mwezi, na hayo ni mapato ya bendi ya pili. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alitaja mauzo, mwingine akadhani ametajiwa mapato.

Fanyeni hesabu hii mezani, kwa karatasi, kwa muda wa mwezi mzima ikiwezekana. Mwenye boda boda aondoe mafuta, matengenezo na ile pesa ya kila siku anayompelekea mwenye pikipiki. Fundi wa jua kali aondoe vyuma na kodi ya kibanda. Kibarua wa mjengo ahesabu siku alizoitwa kazini kweli, maana kuna wiki za siku sita na wiki za siku moja. Daftari hilo lipigwe picha na lihifadhiwe. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ambayo mzazi huomba kwa kubonyeza *334#, itakusaidia pia, ila kumbuka inaonyesha pesa zilizoingia na kutoka, si faida. Ukiiwasilisha peke yake bila maelezo inaweza kumfanya muuza mboga aonekane tajiri.

Kushusha mapato kwa uongo hatukushauri hata kidogo. Fomu ina tamko la kisheria, majibu hulinganishwa na kumbukumbu nyingine za serikali, na kila aliyejipunguzia asivyostahili amechukua fungu la mtoto wa Mathare ambaye hana pengine pa kwenda. Mzazi aliyeachishwa kazi aambatishe barua ya kuachishwa, kwa sababu kumbukumbu za kodi zinaweza kuwa bado zinamwonyesha kazini.

Siku ya kujaza

Tovuti ni hef.co.ke, na kuomba ni bure. Anayekutoza ni saiba kwa kazi yake ya kompyuta na karatasi. Nairobi msaada wa kujaza huwa kati ya shilingi 200 na 500. Kwa safari nzima, pamoja na viapo, nakala na nauli, tenga kama shilingi 3,000 usije ukakwama katikati.

Wiki ya kwanza na siku tatu za mwisho mfumo hulemewa. Jaribu alfajiri au usiku sana. Karatasi zichanganuliwe kwa mashine badala ya kupigwa picha ya simu yenye kivuli cha kidole, na kila faili ipewe jina linaloeleweka: cheti-cha-kuzaliwa, kitambulisho-mama. Faili nzito hukataliwa, hivyo mwambie mwenye saiba aipunguze ukubwa.

Unahitaji wadhamini wawili wenye vitambulisho na simu zinazopatikana. Waambie ukweli: wewe usipolipa mkopo, wao wanaweza kutafutwa. Kuna mtu hujua yeye ni mdhamini miaka kadhaa baadaye, na undugu unaharibika.

Ufadhili na mkopo ni maombi mawili ndani ya akaunti moja. Tumeona watu wakikamilisha la kwanza, wakaona ujumbe wa shukrani, wakafunga kompyuta. Pesa za karo zikaja nusu na za kujikimu hazikuja. Kabla ya kuondoka rudi ukurasa wa mwanzo uthibitishe kwamba yote mawili yanaonyesha yametumwa. Soma fomu nzima tena na mzazi akiwa kando yako, ipakue, itume kwenye barua pepe yako, chapisha nakala mbili. Kisha toka kwenye akaunti na ufute faili zako kwenye mashine ya watu.

Atakayekupigia akisema yuko ofisini na ataharakisha jina lako ukimtumia shilingi elfu mbili ni mwizi. Hali kadhalika anayetaka neno la siri au nambari iliyoingia kwenye simu yako. Ukiwa na swali linalohitaji mtu, nenda Anniversary Towers, University Way, au dawati la HELB katika Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Beba kitambulisho na ile nakala iliyochapishwa.

Jibu likija baya

Akaunti itaonyesha bendi yako na mafungu yote matatu. Familia nyingi huliona fungu lao, hukaa kimya wiki mbili kwa huzuni, wengine huamua mtoto asiende. Tunaelewa. Kuna mzazi aliyeketi kwenye kiti cha saiba akashindwa kuinuka. Lakini rufaa ipo, ndani ya akaunti hiyohiyo, na wiki mbili za kimya ni wiki mbili za dirisha la rufaa.

Rufaa isiyo na kitu kipya haina nguvu. Kurudia kwamba nyumbani hali ni ngumu hakubadilishi hesabu. Tafuta jibu lililokupeleka bendi hiyo, ulisahihishe kwa karatasi. Barua fupi inatosha: "Niliandika mapato ya mama kuwa 65,000. Hayo ni mauzo. Faida ni 11,700 kama daftari la biashara linavyoonyesha. Karo yangu ya sekondari ililipwa na kanisa kuanzia kidato cha kwanza. Barua na taarifa ya karo zimeambatishwa. Nina wadogo wawili sekondari ambao sikuwaandika." Kila sentensi ina karatasi nyuma yake. Anayesoma rufaa nyingi kwa siku atashukuru.

Wakati rufaa inangoja, nenda chuoni siku ya kuripoti. Kukosa kujisajili ni hasara kubwa kuliko bendi mbaya, kwa sababu pesa hutumwa kwa wanafunzi ambao chuo kimethibitisha wapo. Fungu la familia kwa kawaida hugawanywa kwa mihula: zile 48,000 ni 24,000 kwa muhula. Ukikosa hata hizo, mwone mkuu wa idara ya masuala ya wanafunzi ukiwa na nakala ya rufaa, uombe kwa maandishi kulipa kwa awamu. Vyuo kadhaa vina kazi ndogo za kulipwa kwa wanafunzi wenye uhitaji, maktabani au ofisini, na nafasi huisha mapema.

Basari ya eneo bunge ni msaada mzuri wa kuziba pengo. Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85, kila ofisi na tarehe zake, na matangazo mengi hubandikwa ukutani kwa chifu kabla hayajafika mtandaoni. Fomu hutaka nakala za vitambulisho, barua ya kuitwa chuoni, karatasi ya ada, mhuri wa chuo na mara nyingi uthibitisho kwamba mzazi anapiga kura hapo. Hundi huandikwa kwa jina la chuo. Ni pesa kidogo, na hufika miezi baada ya fomu, kwa hiyo usiihesabu kwenye karo ya muhula wa kwanza.

Ukishaingia

Pesa za kujikimu hazifiki siku ya kuripoti. Zinaweza kuchelewa wiki nyingi, na huja kwa awamu. Njoo na chakula na nauli ya angalau miezi miwili. Anayepanga chumba Ngara au Kahawa ajue mwenye nyumba atataka kodi na amana kwa mpigo, hivyo ulizia hosteli za chuo kwanza. Ukihama chuo au kozi kupitia KUCCPS, andikia HELB mara moja, la sivyo pesa zitaendelea kwenda chuo cha zamani na kuzifuata ni mateso.

Deni nalo lihesabiwe tangu mwanzo. Bendi ya tatu kwenye kozi yetu ya 240,000 inakopa 72,000 za karo na 50,000 za kujikimu, jumla 122,000 kwa mwaka. Miaka minne ni 488,000. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na asilimia 4 ya kiasi hicho ni shilingi 19,520. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Asiye na kazi wakati huo aandikie bodi na kueleza hali yake. Na kama nyumbani mnaweza kubeba chakula na malazi, si lazima kila shilingi ya kujikimu itumike. Iwekeni kwenye fungu la familia la muhula unaofuata.

Mkopo huombwa upya kila mwaka. Mwaka wa pili ndio wenye majeruhi wengi, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kukumbusha na kila mtu anadhani jina lake limeshaingia. Ingia kwenye akaunti mara tu mwaka mpya wa masomo unapotangazwa, na kama baba amefariki au mama amepoteza kazi, badilisha maelezo kwa karatasi mpya.

Kila muhula chapisha taarifa ya HELB na taarifa ya karo ya chuo, uziweke pamoja. Zikitofautiana, yaani bodi inaonyesha imelipa na chuo kinaonyesha unadaiwa, peleka zote mbili kwa idara ya fedha, upewe jibu lenye sahihi na tarehe. Nenda wiki tatu kabla ya mitihani. Wiki yenyewe ya kutoa kadi za mtihani foleni huzunguka jengo, na karani aliyechoka hana muda wa kutafuta malipo ya mtu mmoja.